Kikomo cha saa kwa madaktari tarajali Moshi na Arusha: leteni rosta, tupige hesabu

#1 Mangi Rosta
Wakuu, salaam. Kila kundi jipya la tarajali (madaktari waliomaliza chuo, wako kwenye mwaka wa mazoezi hospitalini) likiripoti, mjadala huu unafufuka kwenye magrupu ya WhatsApp na kufa baada ya siku 2. Nauleta hapa tuujadili kwa namba. Dai langu: idara yenye tarajali 4 haiwezi kuheshimu kikomo chochote cha maana, hata mkuu wa idara awe malaika.

Chukua siku 28. Siku za kazi ni 20, saa 8 kila moja (saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni), hizo ni 160. Kol (zamu ya kulala hospitalini hadi asubuhi) inamfikia kila mtu siku ya 4, yaani mara 7. Tano zinaangukia siku za kazi, kila moja inaongeza saa 16. Mbili zinaangukia wikendi, saa 24 kila moja. 80 na 48 ni 128. Jumla saa 288, sawa na 72 kwa wiki. Raundi ya Jumamosi sijaiweka. Na aliyelala kol anaendelea na wodi kesho yake hadi saa 10 jioni, kwa hiyo yuko kazini saa 32 mfululizo.

Swali: tukisema "kikomo", tunadai kikomo gani? Cha saa mfululizo, cha wiki, au cha idadi ya wagonjwa kwa daktari mmoja?

#2 Kitanda 14
Nimekaa pale na kiti changu. Ila mangi, hujatoa saa ya chakula.

#3 Dripu Ishirini
#2 saa ya chakula ipi? Chapati inayoliwa mlangoni mwa wodi huku mtu anasaini faili nayo mnaiita mapumziko?

#4 Wakili wa Sakina
Kabla hamjafika mbali, sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na zinalipwa mara 1.5. Ukijumlisha kawaida na ziada, mtu hapaswi kuzidi saa 12 katika siku moja. Kifungu cha 20 kinasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kifungu cha 24 kinatoa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki.

Kwa wiki 4 basi: 45 mara 4 ni 180, ongeza 50, unapata 230. Rosta ya #1 ina 288. Imezidi kwa 58.

#5 Bingwa Mstaafu
Wakili, umesoma vifungu vinavyokupendeza. Kifungu cha 17 kinasema vikomo hivyo havihusu kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida. Hospitali ni nini kama si dharura?

Pili, udaktari haufundishwi kwa vipande. Mgonjwa wa tumbo akija saa 3 usiku, maumivu yako kitovuni, hana homa. Saa 9 usiku maumivu yamehamia kulia chini. Saa 1 asubuhi tumbo limekaza. Mkono uleule ukilibonyeza mara 3 unajifunza kidole tumbo kinavyotembea. Ukiwagawa watu kwa zamu za saa 8 kila mmoja, kila mmoja ataona picha moja ya mkanda mzima.

#6 Wakili wa Sakina
Shikamoo mzee. Kifungu umekitaja sawasawa. Ila dharura inayojulikana mwezi mmoja kabla, ikaandikwa kwenye rosta, ikapigwa muhuri na kubandikwa ukutani, mbele ya mahakama itakuwa kazi ngumu kuitetea kama dharura. Mgonjwa ni dharura. Kuwepo kwa daktari usiku ni mpango.

Hoja ngumu zaidi ni nyingine: tarajali ni mwajiriwa? Analipwa posho, hana ajira ya kudumu. Kuna wanaosema sheria hiyo haimhusu. Wanaopinga wanashika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwepo hata sifa moja, mfano saa zake zinapangwa na mwingine, au amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita. Tarajali anazimaliza hizo 45 kabla ya wiki kuisha.

#7 Mbege Baridi
"Tarajali" lenyewe neno gumu. Mtaani Pasua bado ni "daktari mwanafunzi", na mgonjwa akilisikia hilo anaomba aletewe mkubwa.

#8 Dada wa Leba
Mnaongea sheria, ngoja niwaonyeshe uchovu unaua wapi. Saa 10 alfajiri, mama ana kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti iliyopo ni ya asilimia 50, ampuli ya ml 10 yenye g 5. Dozi ya kwanza ya mshipani ni g 4 ya asilimia 20: unavuta ml 8 kwenye ampuli, unaongeza ml 12 za maji ya sindano, unapata ml 20, unasukuma taratibu, si chini ya dakika 5. Halafu g 10 za msuli, g 5 kila tako.

Aliyeamka tangu jana asubuhi anakosea sehemu 2. Anavuta ampuli nzima badala ya ml 8, au anasahau maji na kusukuma ile ya asilimia 50 kama ilivyo. Dozi anaijua, ukimuuliza atakutajia bila kusita. Kinachochoka kwanza ni ule uangalifu wa kusoma lebo mara ya pili.

#9 Sista Mkuu
Dada, asante. Nyongeza: ile ya msuli ichanganywe na ml 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kila upande, vinginevyo mama ataruka. Na kabla ya kila dozi ya g 5 inayofuata baada ya saa 4, vitu 3: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti g 1, yaani ml 10 ya asilimia 10, iwe mezani tayari, isiwe kwenye kabati ambalo funguo kaondoka nazo mtu.

Ila nakupinga kidogo. Mara nyingi anayechanganya ni mkunga, wala si tarajali. Weka boksi la kifafa cha mimba: ampuli, maji, sirinji ya ml 20, lignokaini, kalsiamu, na karatasi ya hatua imebandikwa juu ya kifuniko. Boksi linakaguliwa kila zamu. Kosa litapungua bila kugusa rosta. Msizibebeshe saa za kazi zigo lote.

#10 Kijana wa Takwimu
Kuna ushahidi wa pande zote. Utafiti wa Boston uliochapishwa 2004, kwenye wodi za mahututi za Brigham and Women's Hospital, ulilinganisha rosta ya zamani yenye zamu za zaidi ya saa 24 na rosta ya zamu zisizozidi takriban saa 16. Makosa makubwa yalikuwa asilimia 36 zaidi kwenye rosta ya zamani. Tangu 1997 inajulikana kwamba saa 17 bila kulala zinamfanya mtu atende kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na saa 24 zinamfikisha karibu 0.10.

#11 Mbege Baridi
Kumbe mbege inasingiziwa bure.

#12 Bingwa Mstaafu
Kijana, malizia hadithi. Marekani walijaribu kwa upana. Programu 117 za upasuaji zilipangwa kwa kura, nyingine zikafuata vikomo vikali, nyingine zikalegezewa. Matokeo yalitoka 2016: vifo na madhara makubwa kwa wagonjwa havikutofautiana. Wakarudia kwenye programu 63 za magonjwa ya ndani, hali ileile. Na 2017 waliondoa kile kikomo cha saa 16 kwa wa mwaka wa kwanza walichokiweka 2011.

#13 Kijana wa Takwimu
#12 kweli, ila zote zile zilikuwa ndani ya saa 80 kwa wiki, hakuna aliyelinganisha 80 na 110. Na kuna utafiti wa 2020 ambao ndio unaotuhusu zaidi: wodi 6 za watoto mahututi, zamu ndefu zikafutwa, makosa makubwa yakaongezeka badala ya kupungua. Walipochimba wakakuta kwenye rosta fupi kila daktari alikuwa na wastani wa wagonjwa 8.8, kwenye rosta ndefu 6.7. Walipolisawazisha hilo kwenye hesabu, ongezeko la makosa likafutika. Yaani walikata saa bila kuongeza watu.

#14 Kitanda 14
Hapo sasa. Hii ndiyo Tanzania yenyewe, imeandikwa Marekani.

#15 Stendi Kuu
Mimi si mtu wa hospitali. Basi likiwa na safari ya zaidi ya saa 8 linatakiwa kuwa na madereva 2. Kwa nini mwenye kisu aendeshe saa 32 peke yake?

#16 Dripu Ishirini
#15 mfano mzuri ila una tundu. Dereva akishika usukani hana nafasi ya kusinzia dakika 40 pale Korogwe huku basi linatembea. Kol ina mapengo: kuna usiku wa kulala saa 4, kuna usiku wa dakika 0. Kwa hiyo "saa 32" za ngozi na "saa 32" za leba si kitu kimoja. Ndiyo maana kikomo kimoja kwa idara zote kinakuwa kama kiatu cha saizi moja.

#17 Wakili wa Sakina
Hilo la kulala kwenye chumba cha zamu limeshaamuliwa kwa wenzetu. Mahakama ya Ulaya mwaka 2000, kesi ya madaktari wa Valencia, na tena 2003, kesi ya daktari wa Kiel: ukitakiwa kuwepo hospitalini, saa zote ni saa za kazi hata ukilala fofofo. Kikomo chao ni wastani wa saa 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 kila siku. Madaktari walio mafunzoni waliingizwa kwa ngazi: 58 mwaka 2004, 56 mwaka 2007, 48 mwaka 2009. Miaka 5 ya kushuka ngazi, si usiku mmoja.

#18 Njiro Baridi
Marekani sheria yao ya 2003 ndiyo ilianza yote.

#19 Kijana wa Takwimu
#18 sahihisho 2. Iliyoanza ni jimbo la New York, 1989: saa 80 kwa wiki, 24 mfululizo. Ilitokana na kifo cha Libby Zion, binti wa miaka 18, Machi 1984. Za 2003 hazikuwa sheria ya nchi. Ni masharti ya ACGME, chombo cha kuidhinisha mafunzo: saa 80 kwa wastani wa wiki 4, siku 1 huru katika 7, kol isizidi kila usiku wa 3. Hospitali ikikiuka haishtakiwi, inahatarisha ithibati ya kufundisha. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kwetu Baraza la Madaktari Tanganyika lina mkono palepale: linasimamia mazoezi ya miezi 12. Kikomo kikiwekwa kama sharti la kupokea tarajali kitang'ata kuliko kifungu cha sheria ya kazi ambacho hakuna tarajali atakayekipeleka mahakamani akiwa bado anahitaji saini kwenye kitabu chake.

#20 Mangi Rosta
Nimerudi. Tuache Ulaya, turudi hesabuni. Tuseme jambo moja tu linabadilika: aliyelala kol anaondoka saa 4 asubuhi baada ya raundi na kukabidhi. Saa 26 mfululizo. Anaokoa saa 6 kwa kila kol inayofuatiwa na siku ya kazi, yaani kol za Jumapili hadi Alhamisi. Kwa watu 4 hizo ni kol 5, saa 30. 288 toa 30 ni 258, sawa na 64.5 kwa wiki. Bado juu ya 230 ya wakili. Mkiwa 5, mnaingia.

#21 Kitanda 14
Mangi umeteleza. Kwa 5: kol za siku za kazi ni 4, saa 64. Za wikendi ni 1.6, saa 38.4. Na 160 za kawaida, jumla 262.4. Toa 24 za kuondoka mapema, inabaki 238.4. Mmezidi kwa 8.4. Kwa 6 ndiyo inatoka 225.3.

#22 Mangi Rosta
Nimekubali, ni 6. Na mmoja akiwa likizo au anaumwa mnarudi 5, mnazidi tena. Kwa hiyo 7.

#23 Wakili wa Sakina
Na hata 7, sharti la saa 12 kwa siku halijaguswa. Kol ya saa 24 inalivunja siku ileile ya kwanza.

#24 Mangi Rosta
Basi zamu za saa 12. Kiti kimoja kisichokaa tupu kina saa 168 kwa wiki. Gawa kwa 45: 3.73. Ongeza nusu saa ya kukabidhiana asubuhi na jioni, saa 7 kwa wiki, inakuwa 175 gawa 45, 3.89. Likizo ya siku 28 kwa mwaka inakula karibu asilimia 8, unafika 4.2. Hao ni wa kiti kimoja tu. Raundi ya asubuhi ya vitanda 30 haiendi na mtu mmoja. Ongeza 2 wa mchana. Tumerudi palepale, 6 na kitu.

Na rosta ya saa 12 ina sumu yake: ukimpa mtu usiku 6 mfululizo ni saa 72, umemkomoa kuliko kol. Usizidishe usiku 4, na ukitoka usiku usiingizwe mchana kabla ya siku 2.

#25 Sista Mkuu
Kabla hamjafurahia zamu fupi, semeni na kukabidhiana. Zamu 2 kwa siku ni makabidhiano 2, na makabidhiano ndiyo mahali mgonjwa anapodondoka.

Mtoto wa kilo 12, malaria kali, kapokelewa saa 4 usiku. Atesuneti ni mg 3 kwa kilo kwa wa chini ya kilo 20, kwa hiyo mg 36. Dozi ni saa 0, saa 12, saa 24. Dozi ya pili inaangukia saa 4 asubuhi. Mangi, ndiyo saa yako ya kumruhusu wa kol aondoke. Huyu anadhani mwenzake atatoa, yule anadhani imeshatolewa.

Na hata ikitolewa: kichupa cha mg 60 kinayeyushwa kwa ml 1 ya bikaboneti, halafu kwa mshipa unaongeza ml 5 za maji ya chumvi, mg 10 kwa ml, kwa hiyo unachoma ml 3.6. Kwa msuli unaongeza ml 2, mg 20 kwa ml, unachoma ml 1.8. Aliyechanganya akaacha sirinji bila lebo na kukabidhi kwa mdomo, anayefuata atapima nini? Dawa yenyewe inatakiwa itumike ndani ya saa 1 tangu ichanganywe, haiachwi mezani ikisubiri zamu.

#26 Dada wa Leba
Umesahau balaa la saa, sista. Faili limeandikwa "saa 8". Wa Kiswahili anasoma saa 8 mchana au usiku. Aliyefundishwa kwa saa za kizungu anasoma saa 2 asubuhi. Anayepokea hajui mwenzake alikuwa anafikiri kwa lugha gani. Kwenye chati iandikwe 14:00 au 08:00, tarakimu 4, hakuna "saa". Kwa mdomo semeni mpendavyo.

#27 Mbege Baridi
Nimecheka ila ni kweli. Hata vikao vya harusi hapa Moshi vinavunjika kwa hilo.

#28 Kijana wa Takwimu
Makabidhiano yanatengenezeka. Utafiti wa hospitali 9 za watoto, 2014, walifundisha mpangilio mmoja wa kukabidhi: ukali wa hali, muhtasari, cha kufanya, tahadhari, halafu anayepokea anarudia alichosikia. Makosa yakapungua asilimia 23, madhara yanayozuilika asilimia 30. Hatua ya mwisho ndiyo watu wanairuka, kurudia. Bila hiyo ni kusomeana tu.

Kwa wodi zetu: ubao mweupe, safu 4 (kitanda, nini kinasubiriwa, saa ngapi kwa tarakimu 4, nani). Waliokaa vibaya wanatajwa kwanza, hata kama wako kitanda cha 29.

#29 Dripu Ishirini
Bado hamjauliza hizo saa zinaliwa na nini. Tarajali anabeba sampuli hadi maabara kwa sababu mhudumu hayupo. Anafuata chupa ya damu benki ya damu, anaambiwa fomu haina saini, anarudi. Anajaza fomu za NHIF (bima ya afya ya taifa) za wodi nzima, akikosea utambuzi wa ugonjwa au akisahau saini dai linakataliwa na yeye ndiye anaitwa. Anasukuma kitanda hadi chumba cha eksirei. Mwondolee hayo ndipo mjue kama tatizo ni saa.

Kupima ni rahisi: karatasi 1 mfukoni, siku 7, kila nusu saa weka alama moja. M kwa mgonjwa, K kwa karatasi, T kwa kutembea na vitu, L kwa kulala. Wiki ikiisha hesabu. Mkuu wa idara akioneshwa T na K za watu 4 hana pa kukimbilia.

#30 Njiro Baridi
Na L zikizidi? 😄

#31 Dripu Ishirini
Basi idara hiyo ndiyo itoe mtu aende leba.

#32 Ngaramtoni Juu
Wote mnakwepa pesa. Posho ya kol inalipwa kwa idadi ya kol. Ukimshusha mtu kutoka kol 7 hadi 4 unamkata posho, na ukimweka kwenye zamu za saa 12 posho inaweza kuyeyuka kabisa, kwa sababu hiyo si kol tena. Posho ya kuitwa kazini ilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa madaktari wa 2012. Usitegemee tarajali ashangilie kikomo kinachomgusa kodi ya chumba pale Soweto ya Moshi.

#33 Wakili wa Sakina
#32 hoja nzito. Dawa yake ni kulipa saa za ziada na za usiku kama sheria inavyosema, si kulipa kol kwa kichwa. Ila tukirudi pale, lazima kwanza akubalike kuwa mwajiriwa.

#34 Bingwa Mstaafu
Mnaona inavyozunguka? Mimi sitetei saa 32. Ninachosema, hospitali ya kufundishia kama KCMC ina ngazi: tarajali, juu yake daktari anayesomea ubingwa, juu yake bingwa. Usiku wa pale tarajali ana mtu wa kumuamsha. Kwenye hospitali yenye tarajali na daktari mmoja tu kwa majengo yote, kumpunguzia saa bila kuongeza wa juu ni kumwacha mchovu mwingine peke yake. Afadhali mchovu anayemjua mgonjwa.

#35 Kijana wa Takwimu
Mzee, mchovu anayemjua mgonjwa anakosea kwa kujiamini. Ila la ngazi nakupa, tafiti zote za wodini nilizotaja zilifanyika kwenye hospitali zenye ngazi kamili.

Afrika Kusini walichagua njia ya katikati: kwa tarajali walitoka saa 30 mfululizo hadi 24, ongeza 2 za kukabidhi tu, bila kupokea mgonjwa mpya. Hiyo ya "bila mgonjwa mpya" ndiyo ya kuiba. Kuanzia saa 2 asubuhi, wa kol asiandikiwe mgonjwa yeyote.

#36 Sista Mkuu
Na akitoka asiendeshe. Utafiti wa 2005 kwa tarajali wa Marekani: baada ya zamu ndefu, uwezekano wa ajali ya gari njiani kurudi ulikuwa zaidi ya mara 2, na wa kukoswakoswa na ajali karibu mara 6. Wengine wanatoka kol Moshi na kushika pikipiki hadi Arusha, kilomita 80, malori upande wote. Chumba cha zamu kisifungwe saa 2 asubuhi eti usafi. Alale kwanza dakika 20, au 90. Katikati ya hapo anaamka mzito kuliko alivyolala. Kahawa ainywe kabla ya zile dakika 20, itamkuta anaamka.

#37 Mbege Baridi
Kahawa ya Kibosho au ya kopo?

#38 Sista Mkuu
Yoyote, mwanangu. Isiwe mbege.

#39 Mangi Rosta
Wakuu, jaribio la mwisho: Desemba. Mnajua Moshi kuanzia tarehe 20. Wachaga wote wanapanda nyumbani, magari kutoka Segera hadi Himo ni msururu, mapokezi yanajaa majeruhi, na nusu ya wafanyakazi nao wanataka kwenda migombani. Rosta yoyote inayosimama Julai inalala chini Desemba. Ninavyofikiri: hakuna likizo tarehe 15 Desemba hadi 5 Januari, na kila usiku kuwe na mtu wa akiba nyumbani. Anaitwa kwa kigezo kilichoandikwa, siyo kwa kuonewa huruma: kesi 2 za upasuaji zikisubiri kwa pamoja, au majeruhi 3 wakifika ndani ya saa 1.

#40 Kitanda 14
Akiitwa baada ya saa 6 usiku, kesho yake haji. Umemuweka nani tarehe 26?

#41 Ngaramtoni Juu
Na analipwa kwa kukaa nyumbani bila kuitwa?

#42 Wakili wa Sakina
#41 kwa wale wa Ulaya, akiwa nyumbani huru na anaitwa kwa simu, zinazohesabiwa kwa kawaida ni saa alizofanya kazi. Ila akitakiwa kufika haraka kiasi cha kushindwa kufanya mambo yake, ubishi unaanza upya. Aliye migombani Marangu anafika mjini kwa dakika ngapi, tarehe 24 jioni?

#43 Mangi Rosta
Tarehe 24 jioni hafiki. Mtu wa akiba atoke mjini, basi. Jedwali la watu 6 nalimalizia, Kitanda 14 nitakutumia kwanza wewe ulikague kabla sijaliweka hapa, usije ukanikuta tena na desimali.